Mtaa wa Tolan Ulivyojipaka Rangi

Habari ilifika baani kwa Kaz siku ya Ijumaa, wakati wa samaki, ndiyo maana ilienea upesi. Mjini Kinnard, Ijumaa ni siku ya samaki wa kukaanga, uwe Mkatoliki usiwe, na kwa Kaz utakuta Mtaa wa Tolan mzima: wazee wa Kipolandi waliobaki, watu weusi waliohamia walipofukuzwa kwao, na wajukuu wa wote wakigombania viazi.

Kaz Drozdowski aliweka simu chini, akafuta mikono kwenye aproni, akagonga kaunta kwa kifungua chupa.

"Jamani! Huyo alikuwa Diwani Purnell. Anasema Alhamisi kuna mtu wa halmashauri anakuja kutuangalia."

"Kutuangalia tuna nini?" mtu akauliza. "Pembe?"

"Kuangalia kama mtaa umechakaa. Ndivyo alivyosema. Yuko safarini, atatueleza akirudi."

Verlene Oatis akaweka uma chini. 

Verlene alikuwa mwenyekiti wa mtaa, na alichaguliwa kila mwaka kwa sababu hakuna aliyethubutu kushindana naye. Alikuwa amefua mashuka ya hospitali hadi alipostaafu, na mikono yake ilibaki na ile nguvu ya kukamua. Lakini neno hilo, umechakaa, lilimshinda nguvu.

Maana alikwisha kulisikia. Mwaka sitini na nne, akiwa mtoto, alikaa na mama yake kule Bondeni, ng'ambo ya reli, na watu wa halmashauri walikuja na neno hilohilo. Mama yake, Odessa, aliwaona wakiingia kwa jirani, akashika brashi na ndoo akaanza kusugua ngazi za nje. Mkaguzi akaziruka zikiwa bado zimelowa, hata salamu hakutoa, akaandika alichokuja kuandika. Ulipofika msimu wa kuchipua majani, yakaja matingatinga. Waliahidiwa nyumba mpya, maduka, bustani ya watoto. Nenda leo ukaangalie. Utakuta uwanja wa kuegesha magari, na magari yenyewe hayafiki hata nusu yake. Wakubwa wa Kinnard wamesahau Bondeni kwa sababu kusahau ni kazi wanayolipwa. Waliovunjiwa hawajasahau.

Odessa alichukua kitu kimoja tu. Alifungua bawaba za mlango wa mbele kwa bisibisi, mlango wa mbao uliopakwa buluu, akaupakia kwenye lori la makaa. "Nyumba ilikuwa ya kupanga," alisema. "Mlango niliununua mwenyewe."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Verlene akasimama pale baani, na watu wakanyamaza, hata wajukuu.

"Sikilizeni," alisema. "Mara ile mama yangu alishika brashi wakiwa wameshafika. Alichelewa. Safari hii watakuta tumemaliza."

"Tumemaliza nini, Bi Verlene?" Kaz akauliza.

"Kila kitu. Na tunaanzia na hii baa yako. Huko nje inafanana na meno ya mvuta tumbaku."

"Hiyo rangi sijaigusa tangu baba yangu afe."

"Basi mheshimu marehemu. Kesho panda ngazi."

Ukweli usemwe: mtaa ule haujawahi kupendeza namna ile. Waliosema wanaumwa mgongo walipona. Majani yalikatwa, mabaraza yakapigwa misumari, nyufa za njia ya miguu zikazibwa kwa saruji iliyokorogwa kwenye ndoo za maziwa. Kaz aliipaka baa rangi ya kijani, akajipaka na mwenyewe, hata mkewe akamwambia akalale nje pamoja na ukuta. Mikate ya mahindi na soseji zilipita nyumba hadi nyumba. Watu ambao walikuwa hawajasalimiana tangu ugomvi wa theluji, mmoja aliposukumia theluji yake mbele ya geti la mwenzake, walishika ngazi moja, mmoja juu mmoja chini.

Ilibaki nyumba tupu ya kona, iliyozibwa madirisha kwa mbao. Ile haikuwa na dawa. Ndipo mke wa Kaz, aliyekuwa akichora mabango ya kanisa, akachora madirisha juu ya mbao: pazia jeupe, chungu cha maua mekundu, na paka amelala kwenye kizingiti. Ukisimama ng'ambo ya barabara ungeapa kwamba kuna watu ndani, na kwamba paka wao ni mnene.

Alhamisi akaja mkaguzi. Aliitwa Annelise Haugen, mwanamke mrefu mwenye kamera shingoni na viatu vya mtu anayetembea kwa riziki yake. Alitembea mtaa mzima polepole. Kila aliposimama, mtu alitokea na kumpa kitu: kahawa, kipande cha keki, ua. Alipofika kwa Verlene alikuta meza imeandaliwa barazani na pai ya pichi inatoa mvuke.

"Keti, mwanangu. Umechoka."

"Asante, mama." Annelise aliketi, akala, akauangalia mtaa. Usoni alionekana kama mtu aliyeitwa msibani akakuta harusi. "Mna mtaa mzuri sana."

"Tunajua."

"Niliambiwa nitakuta..." Akasita. "Haidhuru. Mama, kuna nyumba zozote zenye shida ndani? Paa, nyaya za umeme? Vyumba vya chini? Ningeweza kuona chumba chako cha chini?"

Verlene alikuwa akimimina kahawa. Alimimina hadi ikafurika kwenye sahani.

"Mlango wake umefungwa. Ufunguo umepotea."

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa aproni, ukimgusa paja. Na chini ya miguu yao, chini ya pai ya pichi na kitambaa cheupe cha meza, kulikuwa na kile ambacho Verlene hakuwa amemwonyesha binadamu yeyote, hata mchungaji wake. Bomba la majitaka la Mtaa wa Tolan liliwekwa zamani za farasi. Kila mvua kubwa ilipopiga lilishindwa kumeza, likatapika. Na lilitapika kupitia tundu la sakafuni, ndani ya chumba cha chini cha Verlene. Maji meusi, yenye vitu ambavyo havisemwi mezani. Verlene alishuka na mabuti na dawa ya kuua vijidudu, akazoa, akasugua, akapanda, akaoga, akavaa lulu zake, akaenda kanisani. Mlango wa buluu wa Odessa uliegemea ukuta huko chini, na kila mvua maji yaliula kidogo. Sasa uozo ulikuwa umefika kwenye kitasa. Hakuweza kuupandisha peke yake, na kumwita mtu wa kumsaidia ni kumwonyesha.

Odessa alimlea kwa amri moja: watu wasione uchafu wako, kwa maana ndicho wanachokuja kutafuta.

Annelise aliaga. Alipopita nyumba ya kona alisimama kumwangalia paka, akacheka, akampiga picha. Mtaa mzima, nyuma ya mapazia ya kweli, ukashangilia.

Diwani Thaddeus Purnell alirudi wiki iliyofuata. Aliegesha gari, akashuka, akaiangalia baa ya kijani, akageuka akaangalia mtaa mzima. Kisha akaketi kwenye ukingo wa barabara na suti yake nzuri, akashika kichwa.

"Nani aliyefanya haya?"

"Sisi!" Kaz alitokea na glasi mkononi, kifua mbele. "Umeona? Hatuvunjwi ng'o!"

"Nani kasema mnavunjwa?"

Waliingia ndani. Watu wakajaa. Verlene alimkazia macho. Alikuwa amemfundisha Biblia akiwa mtoto wa kukojoa kitandani, na hakuwa tayari kupigiwa kelele naye.

"Mama Oatis," alisema diwani, "huyo mwanamke alikuja kutusaidia. Alitakiwa aandike kwamba mtaa umechakaa. Bila hilo, sheria hairuhusu tupate mfuko."

"Mfuko gani?"

"Mfuko wa nyongeza. Kaz, niletee bia. Si ya kunywa."

"Ya kufanyia nini basi, kuogea?"

Diwani aliitikisa glasi iliyojaa nusu, akapiga mstari kwa kidole juu ya ukungu wa ubaridi, pale bia ilipofikia. "Hii ni kodi ya majengo inayotoka mtaa huu leo. Mkishapewa mfuko, mstari huu unagandishwa. Shule, wilaya, halmashauri, wote wanaendelea kunywa hadi hapa kama kawaida. Halafu kuna mwenye kampuni anayetaka kile kiwanda tupu cha viatu hapa mtaani akigeuze nyumba za kupanga; akijenga, thamani inapanda. Kodi inapanda." Akamimina bia zaidi, ikapita mstari. "Hii ya juu ya mstari haiendi kwenye mfuko mkuu wa mji. Inabaki kwenu, miaka kwa miaka, ijenge vitu vya mtaa huu. Bomba jipya. Taa. Njia. Halmashauri inakopa leo, nyongeza inalipa kesho."

"Na glasi anaishika nani?" akauliza Verlene.

"Mimi," Kaz akadakia, "na hamjalipa."

Watu walicheka, lakini Verlene hakucheka. "Na shule? Watoto wakiongezeka humo kwenye hicho kiwanda, shule ikae na kiu ikiangalia povu?"

"Hilo ni swali la haki," Purnell alisema taratibu. "Ndiyo, shule inasubiri. Lakini tusipofanya kitu glasi hii haipandi kabisa. Kiwanda kimekaa tupu tangu nizaliwe. Nani atajenga juu ya bomba linalotapika?"

Neno hilo likamchoma Verlene. Akajiuliza amelijuaje.

"Hebu nikumbushe, mwanangu," alisema ili kujikinga. "Ile hoteli ya vioo huko katikati ya mji, palipo na mabenki. Nayo ilijengwa kwa mfuko kama huu?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo kule kuliandikwa kwamba kumechakaa?"

Diwani aliangalia viatu vyake. "Walikuta nyufa kwenye maegesho ya magari."

Baa ikalipuka. Kaz alipiga kaunta hadi glasi zikaruka. Nyufa! Pale penye marumaru, penye mtu wa kufungua mlango amevaa kofia, pale ambapo hoteli ingejengwa tu hata bila kubembelezwa, nyongeza ikaenda shule na maktaba, pale pameoza! Na Mtaa wa Tolan ni mzima wa afya! Ndivyo ilivyo, na haikuanza jana. Mwenye kutaka kujenga hoteli huwa na wakili wa kumwambia aonyeshe nini. Mwenye bomba bovu huambiwa kwa simu ya haraka, katikati ya samaki, halafu hulaumiwa kwa kutoelewa.

"Ungetueleza," Verlene alisema.

"Ningewaeleza." Sauti ya diwani ilikuwa imeshuka. "Nisameheni. Nilidhani mtaacha mambo kama yalivyo."

"Hukumjua mama yangu."

Kikao cha kamati kilipangwa Jumanne alasiri. Annelise angesoma taarifa yake, na taarifa ilisema mtaa hautimizi masharti. Kamati ingepiga kura, mwenye kampuni angehamia mji mwingine, na bomba lingebaki ardhini likisubiri mvua.

Jumatatu mvua ikanyesha. Verlene alikaa juu ya ngazi za ndani, akasikia tundu likianza kukoroma. Alifikiria amri ya Odessa. Alifikiria pia jambo ambalo hakuwahi kulikubali kwa sauti: kwamba ngazi zile za Bondeni zilikuwa safi. Mama yake alizisugua kila asubuhi ya maisha yake, si siku ile tu. Hakuchelewa. Walioandika walikuwa wameshaamua matingatinga yapite wapi, na hata angezing'arisha kwa dhahabu wangeziruka. Miaka yote hii Verlene alikuwa amemlaumu mama yake kwa brashi.

Chumba cha kikao kilikuwa na mazulia na baridi ya mashine. Mtaa wa Tolan ulikaa safu za nyuma, umevaa nguo za kanisani. Annelise alisoma taarifa yake bila kuinua macho, kama mtu anayesoma hukumu asiyoipenda. Picha zikapita ukutani: maua, mabaraza, baa ya kijani. Paka alipotokea, mwenyekiti wa kamati, mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alitabasamu. Wenye paka wao hawakutabasamu.

"Kuna mwananchi anayetaka kusema?"

Verlene alienda mbele. Kipaza sauti kilikuwa juu; hakukishusha. Akapaza sauti yake mwenyewe.

"Huyu binti ameandika kweli tupu. Aliandika alichokiona. Aliniomba aone chumba changu cha chini nikamwambia ufunguo umepotea. Nilidanganya." Akaingiza mkono mfukoni, akauweka ufunguo juu ya meza yao. "Huu hapa. Nyumba yangu haiko mbali. Jana mvua ilinyesha. Njooni muone, au pigeni kura yenu bila kuona, kama walivyopigiwa watu wa Bondeni."

Minong'ono. Mwanasheria wa halmashauri akasema haijawahi kufanyika hivyo. Mwenyekiti alivaa miwani, akauangalia ufunguo, akamwangalia Verlene.

"Mabuti yanahitajika?"

"Yanahitajika, mama. Ninayo jozi moja. Mtapokezana."

Walienda. Wengine kwa magari, wengine kwa miguu, jua likiwa bado juu, na mtaa wote ukafuata nyuma. Verlene alifungua mlango, na harufu ikapanda kumlaki kabla yeye hajasema karibu. Mwanasheria alirudi nje. Mwenyekiti wa kamati alivaa mabuti akashuka. Annelise alishuka na viatu vyake vya kutembelea, bila kuuliza.

Hakukuwa na haja ya maelezo. Maji meusi yalifika vifundoni. Ukutani kulikuwa na mistari, mmoja juu ya mwingine, mvua hadi mvua, kama alama za urefu wa mtoto anayekua. Mjumbe wa shule kwenye kamati, bwana mwembamba aliyekuja na nia ya kukataa mfuko ule, alisimama ngazi ya mwisho na kitambaa puani.

"Ni nyumba hii tu?" aliuliza. "Au wanafunzi wangu wanalala juu ya kitu kama hiki?"

Hapo mficha uchi ndipo anapojua kwamba hazai. Verlene alikuwa ameamini, miaka yote, kwamba ni yeye peke yake.

Kisha sauti ya Kaz ikashuka kutoka juu, nyembamba, isiyo yake.

"Kwangu inafika kwenye mapipa ya bia."

"Nini?" Verlene aligeuka. "Wewe Kaz! Tangu lini?"

"Tangu enzi za baba. Nilidhani ukijua hutakula samaki wangu."

"Kwetu kitanda cha mtoto tumekipandisha juu," akasema mwanamke wa nyumba ya tatu, na machozi yakamkatiza. Halafu mwingine. Halafu mwingine. Walikuwa wamepaka rangi pamoja, wakashikiana ngazi, na kila mmoja alikuwa na ufunguo wake mfukoni.

Annelise alikuwa amesimama mbele ya mlango wa buluu. Nusu ya chini ilikuwa imevimba, mbao zimeachana. Nusu ya juu bado ilikuwa na rangi.

"Hii ni nini, mama?"

"Ndicho kilichobaki cha Bondeni."

Annelise aliinua kamera, kisha akaishusha. "Naruhusiwa?"

"Piga. Na chini papige vizuri."

Kamati iliahirisha kura. Annelise alirudi na mabuti yake mwenyewe, akashuka nyumba kwa nyumba, na safari hii hakuna aliyempa keki. Kikao kilipoketi tena, Verlene alisimama kabla ya kuulizwa.

"Tuna mawili. Pesa ya kwanza itakayoingia mfukoni iende kwenye bomba, si kwenye maegesho ya mwenye kampuni. La pili, nyumba ya mtu isiguswe. Yaandikwe mtusomee."

Wakili wa kampuni aliinuka kusema kwamba masharti hayo yataleta ugumu. Diwani Purnell, ambaye kwa kawaida alipenda kukubaliana na kila mtu, alimgeukia. "Basi ugumu huo mtausikia mkiwa wakavu," alisema. Mjumbe wa shule akaongeza sharti lake: bomba na njia zikishalipwa, mfuko ufungwe, na povu lote lirudi kwa watoto. Yakaandikwa yote. Yakasomwa.

Kisha mwenyekiti akavaa miwani na kutamka kwamba Mtaa wa Tolan umechakaa, kwa mujibu wa sheria.

Lilikuwa neno lilelile. Verlene alilisikia, na mwili wake ukajikaza ukingoja tingatinga. Badala yake akasikia makofi. Kaz alikuwa amesimama juu ya kiti akipiga mluzi. "Tumeoza!" alipiga kelele. "Tumeoza, jamani, Ijumaa samaki bure!" na mkewe akamvuta suruali akae.

Bomba haliwekwi kwa makofi. Yapo mengi ya kulindwa bado, na Verlene alijua kuliko wote kwamba karatasi iliyosomwa leo inaweza kupotea kesho. Angehudhuria kila kikao. Angekaa safu ya mbele.

Lakini jioni ile alimwita Kaz, na diwani pia akavua koti, na watatu wakashuka chini kwenye majimaji. Walipandisha mlango wa Odessa ngazi kwa ngazi, Kaz akilalamika kwamba watu wa Bondeni walijenga kwa chuma.

"Ni mwaloni, mpumbavu wewe. Inua."

Waliuegemeza barazani, mbele kabisa, jua la machweo likiupiga, upande uliooza ukitazama barabara.

"Niuletee rangi?" Kaz aliuliza akihema. "Ile ya kijani imebaki."

Mtu alipita na mbwa, akasimama, akauangalia ule mlango.

"Hapana," Verlene alisema. "Uache kwanza ukauke."